Tufe Likifika Ugweno: Mwongozo kwa Asiye na Habari

Jamaa akirudi Ugweno, huku milimani Upare, kutoka Marekani, watu wanajua la kutegemea: viatu, simu iliyokwisha kutumika, manukato ya shangazi, na fulana zenye majina ya vyuo ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyevisoma. Ikitokea akafungua sanduku akatoa tufe jeusi lenye michirizi ya zambarau, la ratili 15, halina tundu hata moja, akasema, "Mjomba, hili ni lako," usioneshe kushangaa. Shukuru. Kisha liweke mbali na watoto na usome mwongozo huu, kwa sababu kuanzia dakika hiyo wewe ni mtu mwenye tufe la bolingi lisilotobolewa, na kila atakayekuja kuwasalimia wageni atakuwa na maoni yake kuhusu wapi litobolewe.

Maoni ya kwanza yatatoka kwa fundi seremala. Atasema matundu matatu, katikati kabisa, yapangwe kwa pembetatu ili yapendeze. Ukimuuliza katikati ya tufe ni wapi, ataligeuza, atalipindua, ataweka kidole popote kilipoangukia na kusema, "Hapa hapa, mzee." Hajakosea. Shida ni kwamba popote pengine angeweka kidole pia asingekosea, mpaka mtu ajue kilichomo ndani.

Ndani kuna kiini. Tufe la bolingi la siku hizi si kitu kimoja kuanzia ganda hadi moyoni. Chini ya ganda la resini kimezikwa kipande kizito ambacho hakina umbo la tufe: kuna chenye umbo la balbu, kuna kilichochongwa kikavimba upande mmoja makusudi. Kwa kuwa kimerefuka, tufe zima huzunguka kwa wepesi kwenye mhimili mmoja na kwa ugumu kwenye mwingine. Kwa nje huoni kitu. Kipenyo ni sentimita 21.6 hivi, pande zote, na unaweza kulizungusha mezani kutwa nzima usigundue lolote. Ndiyo maana kiwanda huacha alama: nukta ya rangi tofauti inayoonesha kichwa cha kiini kilipo, kialama cha kitovu cha uzito, na kwa yale matufe ambayo kiini chake hakilingani ubavu kwa ubavu, alama ya tatu ya upande uliolemewa. Mkataze yeyote atakayetaka kuzisugua hizo nukta akidhani ni uchafu wa safari. Bila hizo una mzigo wa kilo karibu 7 usio na maelezo.

Sasa uwanja wenyewe. Njia ya bolingi ina urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, na upana wa mita moja na kitu kidogo. Sehemu ya mwanzo, mara nyingi kama mita 12, hupakwa mafuta. Iliyobaki huachwa kavu. Tufe linaondoka likiteleza, linafika pakavu, linashika, linakata kona, linaziingia pini kwa ubavu. Hakuna anayetoa fedha nyingi kununua tufe la kwenda moja kwa moja, maana ya aina hiyo yamepangwa ukumbini kwa ajili ya kila anayeingia. Kinachouzwa ni kona: ianzie wapi, iwe kali au ya polepole, na ibakize nguvu kiasi gani kwa ajili ya pini.

Na kona hiyo huanzia ndani. Tufe likizunguka kwenye mhimili ambao si ule mwepesi wala ule mgumu, bali ulio kati yake, mhimili wenyewe huhama kidogo katika kila mzunguko. Kwa hiyo sehemu ya ganda inayokanyaga njia haiwi ile ile: kila duru ngozi mpya, ambayo bado haijapata mafuta, ndiyo inayogusa mbao. Tufe likirudi kwako utaziona pete za mafuta zimeachana, moja pembeni ya nyingine. Mhimili usipohama, pete zote hulala juu ya pete moja, ngozi ile ile iliyojaa mafuta hurudia kugusa chini, na tufe huteleza mbali kabla ya kukumbuka kwamba lilitumwa kona.

Hapo ndipo matundu yanapoingia, na hapo ndipo wengi hupotea. Watu hudhani tundu lenyewe ndilo linalolipeleka tufe, kwamba ukitoboa hapa litakwenda kushoto na ukitoboa pale litakwenda kulia. Tundu linaondoa resini kidogo, basi. Kazi yake kubwa ni kuamua mkono wako ukae wapi, na kwa hiyo kiini kiwe kimelala au kimesimama vipi wakati tufe linatoka mkononi. Mgweno hahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa Texas. Chukua jembe la msuka. Chuma ni kile kile, mpini ni mti ule ule, lakini tundu la mpini likichomwa limeinama kidogo kukuelekea, jembe linazama na kukung'ang'ania ardhini. Likiinama upande wa pili, linaparaza majani na kurudi likicheka. Tundu halilimi. Tundu linaamua chuma kiingie kwa pembe gani.

Na wenyeji wa hapa walilijua hilo mapema kuliko wengi. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, anaeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoitawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, kuwapindua. Chuma cha Ugweno kilishuka hadi Uchagani, kikawalimia na kikawapigania watu ambao leo, ukiwakumbusha habari hiyo kwenye basi la Moshi, hugeukia dirishani. Ninachosema ni kwamba katika milima hii swali la wapi tundu likae limewahi kuwa jambo la utawala. Usilichukulie kama swali la seremala.

Kabla ya kutoboa, tafuta ncha ya mhimili wako. Kila mtu akirusha tufe, tufe huzunguka kwenye mhimili wake yeye, kadiri ya mkono wake unavyolizungusha, na mhimili huo una ncha inayotokea mahali fulani juu ya ganda. Kwa wengi wanaotumia mkono wa kulia ncha hiyo huwa kama sentimita 12 au 13 kulia kwa katikati ya mshiko, lakini "kwa wengi" haitoboi tufe lako. Ncha hupimwa kwa kufuata pete ya kwanza ya mafuta inayobaki juu ya tufe ulilolirusha wewe mwenyewe, kwenye njia iliyopakwa mafuta.

Umeuona mtego. Ili ujue pa kutoboa tufe, lazima kwanza urushe tufe lililotobolewa, kwenye njia ambayo Ugweno haipo, wala Mwanga, wala Same. Ukiwa na haraka utashuka Mwanga, utapanda basi hadi Himo, utavukia Holili kuingia Taveta, na baada ya Voi na barabara ndefu ya Mombasa utajikuta Nairobi, kwenye ukumbi wa bolingi wa Village Market, ukiwa umevaa viatu vya kukodi. Huko rusha tufe la ukumbini. Lile jipya liache nyumbani, au lichukue ukitaka kulieleza forodhani Holili. Mimi nisingependa kuwa nyuma yako kwenye foleni siku hiyo.

Vijana watapendekeza njia ya mkato: tulirushe hapa hapa tuone. Kwanza, tafuta mita 18 za ardhi tambarare Ugweno. Kanisani zinaweza kupatikana, na hapo mtu atatoa wazo la kumwaga mafuta ya alizeti sakafuni. Usiwe wewe. Pili, nje ya kanisa kila kitu ni mteremko, na mteremko haujali kiini chako kina umbo gani. Tufe la kilo 7 likiachiwa kwenye njia ya Shighatini litakunja kona zote ambazo barabara inakunja na moja ambayo haikunji, kisha litaendelea kutafuta tambarare, nazo tambarare ziko chini kule upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa ardhi ya namna hii mpangilio wa matundu unaofaa ni mmoja tu: wa kulibebea.

Tuseme umekwenda, umerudi, unayo ncha yako. Sasa zinakuja namba tatu ambazo mafundi wa huko hutamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mahari. Ya kwanza ni umbali kutoka nukta ya kiini hadi ncha ya mhimili wako. Nukta ikikaa juu ya ncha yenyewe, kiini kimesimama sawa na mhimili na hakuna kinachohama. Ikikaa robo ya mzingo, kama sentimita 17, kiini kimelala kabisa, na napo hakuna kinachohama. Katikati ya hapo, sentimita 8.6 hivi, ndipo mhimili unapohama kuliko kote, pete zinaachana kuliko kote, na mwenye tufe anajisifu kuliko kote. Anayeanza huambiwa na kila mtu atake hiyo. Asitake. Mkono ambao bado haujajifunza kuliachia tufe hauhitaji tufe lenye hamu kubwa ya kona. Utalipeleka kwenye mfereji wa pembeni mwa njia, upande wa kushoto, mara kwa mara, kwa ufundi mkubwa.

Namba mbili zilizobaki ni pembe. Moja inapimwa kuhusiana na ile alama ya upande uliolemewa, na inahusu muda: pembe ndogo, tufe linaacha kuteleza mapema, pembe kubwa, linasubiri hadi karibu na pini. Ya pili inahusu ukali wa kona. Ikiwa ndogo, nukta ya kiini huishia juu ya vidole na tufe hugeuka ghafla. Ikiwa kubwa, nukta hushuka chini ya vidole na tufe hupinda polepole, bila ugomvi. Aliyeueneza utaratibu huu wa umbali mmoja na pembe mbili ni Mo Pinel, mhandisi wa Kimarekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kubuni viini visivyolingana na kuwaeleza wachezaji kwa nini tufe lao limefanya lilivyofanya. Alifariki mwaka 2021. Mtu aliyehangaika kiasi hicho na kitu kilichofichwa ndani ya kitu kingine anastahili heshima, hata kama hukuelewa pembe yoyote.

Ukiona namba zinakuchosha, una bahati, kwa kuwa sasa tunafika kwenye jambo ambalo lingetakiwa kuja kwanza: mkono. Umbali kati ya tundu la gumba na matundu ya vidole viwili vya juu ukizidi kidogo tu, utanyoosha mkono mpaka kiganja kianze kuuma. Ukipungua, utaliminya tufe ili lisidondoke, na anayeminya hawezi kuachia vizuri. Kila tundu pia lina mwelekeo wake kuingia ndani, ambao hupimwa kwa kadiri vidole vyako vinavyokunjika. Mjomba aliyelima tangu utoto ana gumba lenye sugu na kifundo kinene, nalo halilingani na gumba la mpwa anayefanya kazi ya kompyuta. Tena gumba halikai ukubwa mmoja. Likipimwa saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelalia mlima Kindoroko, limesinyaa. Mchana wa Mwanga limevimba. Tundu lililotobolewa kwa gumba la asubuhi halitaliachia gumba la mchana, na watazamaji watamwona mzee akiondoka na tufe lake kuelekea pini. Wenye kuchoka na taabu hizi huacha gumba kabisa na kurusha kwa mikono miwili, mtindo ambao Jason Belmonte wa Australia ameufanya uheshimike duniani. Mpangilio usio na gumba unafaa kwa watu wengi wa hapa, ila shangazi atasema unaonekana kama unamwaga maji ya kuogea.

Kuhusu kutoboa kwenyewe nitakuwa mfupi. Si kwa chuma kilichotiwa moto, hata kama babu alitoboa mipini mia kwa njia hiyo: resini itanuka, itaungua, na tundu litakuwa na umbo la majuto. Si kwa kekee ya seremala. Kuna mashine za kusimama zenye vishikio vya kulibana tufe lisizunguke. Ukikosea, tundu huzibwa kwa resini na kutobolewa upya, na hiyo ni habari njema kwako na kwa fundi anayetoza mara mbili.

Atatokea mtu atakayetaka tundu la nne. Kwa miaka mingi wachezaji walitoboa tundu la ziada wasiloweka kidole, ili kurekebisha uzito na tabia ya kiini. Chama cha bolingi cha Marekani, USBC, kililipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Agosti 2020: kila tundu liwe la kushikia. Wakati huo huo kikalegeza kanuni ya uzani, tofauti ya uzito kati ya upande na upande ikaruhusiwa kufika aunsi 3. Kwa hiyo mwambie jirani, kwa upole, kwamba tundu la kupitishia kamba ili tufe lining'inizwe darini lisiguswe na panya halikubaliki kimataifa.

Na sasa siri ambayo wauza matundu hawaitangazi. USBC hao hao walipofanya utafiti wao mkubwa kuhusu mwendo wa tufe, kilichojitokeza kuwa na nguvu kuliko mengi ni ukwaruzo wa ganda. Tufe lililopigwa msasa mkali hushika njia mapema. Lililong'arishwa huteleza mbali. Yaani unaweza kuchukua namba zako tatu, ncha yako ya Nairobi na nauli yake yote, ukaviweka juu ya kabati, kisha siku moja mama watoto akaliona tufe lina vumbi, akalisugua kwa majivu na gunzi kama anavyosugua sufuria za makande, na tabia ya tufe ikabadilika kuliko fundi alivyoweza kuibadilisha kwa mashine. Akimalizia kwa kulipaka mafuta ya kupaka mwilini ili ling'ae, amelibadilisha tena, upande wa pili. Usimlaumu. Wako watu wanaolipwa kwa kazi hiyo hiyo.

Ni maoni yangu, na nitayatetea mbele ya baraza lolote la kata, kwamba mwanzo mzuri kwa mtu wa kawaida ni mshiko unaokaa vizuri mkononi, nukta ya kiini mahali pasipo na makeke, na kipande cha msasa mfukoni. Mengine yanahitaji mkono unaorudia kitu kile kile mara kumi mfululizo, na mkono huo hauuzwi dukani.

Usiliache tufe ndani ya gari lililofungwa juani pale stendi ya Mwanga. Joto kali likifuatwa na baridi ya mlimani hupasua ganda, hasa kuanzia kwenye matundu, na hakuna pembe inayolisaidia tufe lenye ufa.

Liko pia suala la sheria. Watanzania wanapenda kusema kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe kumi alipie kesi ya ng'ombe mmoja. Wanaosema hivyo hawajawahi kushinda kesi, ndiyo maana wanacheka. Lakini uliweke hilo akilini siku tufe litakapowaponyoka vijana, liruke tuta la migomba ya jirani na kusimama kwenye kahawa ya mtu mwingine. Je, mdaiwa ni aliyerusha, aliyetoboa, au aliyelileta kutoka Marekani? Fundi atasema alitoboa kwa namba alizopewa. Mpwa atakuwa ameshapanda ndege. Tunza karatasi yenye vipimo vyote vitatu na saini, kwa sababu baraza litapenda kielelezo, na wajumbe watakipitia kwa muda mrefu kuliko mchezaji yeyote wa bolingi.

Hatari kubwa kuliko migomba ni ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Tufe la chini ya ratili 12 huelea majini. Zaidi ya hapo huzama, na lako ni la 15. Likiingia ndiva jioni maji yakiwa yanajaa, litakwenda chini taratibu kufuata mteremko wa tope hadi kwenye tundu la kutolea maji, na kipenyo chake kinatosha kuliziba. Asubuhi wenye zamu watafungua, mfereji utabaki mkavu, na watu watakusanyika ukingoni wakiwa na majembe mabegani. Hakuna atakayeuliza nukta ya kiini iko wapi. Utavua viatu, utaingia mwenyewe alfajiri hiyo hiyo kulitoa, na kwa baridi ile gumba litakuwa limesinyaa, kwa hiyo tufe litakuchomoka mara mbili tatu kabla hujalifikisha ukingoni.